Lango la Ruolan

Wanajeshi walioteka mji walimbaka Ruolan, binti wa mfinyanzi, kisha wakaondoka naye. Watu wakavumisha kwamba alijitosa mtoni kuilinda heshima yake, na mfalme akaamuru ajengewe lango la mawe la kumuenzi kama mwanamke aliyechagua kifo kuliko aibu. Ruolan alipotoroka na kurudi, alimkuta baba yake akifuta vumbi kwenye jina lake lililochongwa langoni.

“Baba, ni mimi.”

Mzee alimtazama, kisha akalitazama jina. “Mwanangu alikufa,” alisema huku machozi yakimtoka. “Umekula?”

“Bado.”

Akavua joho lake, akamfunika nalo hadi usoni. Ruolan hakujua kama anapokelewa au anafichwa. Baba alimshika mkono kwa nguvu, wakaanza kutembea, lakini njia waliyoishika haikuwa ya kwenda nyumbani.