Tochi ya Mchana Kweupe

Tochi ya tisa nayo aliirudisha kaunta.

"Mwanga wa hii ni wa buluu," alisema. "Nataka nikimulika nyekundu, nione nyekundu."

Muuzaji aliitazama foleni iliyorefuka nyuma ya huyu bwana, akashusha pumzi. "Kaka, unanunua tochi au unachumbia?"

Watu walicheka, na walikuwa na haki. Nje, kwenye benchi la duka, mkewe alikuwa akilia kimyakimya, na kando yake mama mkwe amekaa wima, midomo kaibana. Walikuwa ndio kwanza wanatoka hospitalini. Huo ulikuwa mwezi wa pili mama mtu hali kitu ila uji, na hata huo anaumeza kwa kukunja uso. Kidonda kilikuwa mahali fulani kinywani, ila hiyo ilikuwa mara ya tatu anapelekwa kwa daktari na mara ya tatu anakataa kufungua kinywa.

"Mtoto wa juzi yule," alisema, "ndiye wa kuchungulia koo langu?"

Daktari alikuwa amemwambia binti mtu waziwazi: kipo kidonda cha kupakwa dawa, na kipo cha kukimbiliwa kabla hakijaua. Asipokiona, hawezi kujua ni kipi.

Mwanamume mwenye akili zake angepiga magoti pale benchini, ambembeleze mama wa watu. Huyu wetu alikuwa ndani anamulika kiganja chake.

Alikuwa mchanganya rangi za nyumba. Mkoroga ndoo, kwa maneno ya mama mkwe. Hatimaye alichagua kitochi cha urefu wa kidole gumba, swichi yake nyuma, mwanga wake wa manjano kidogo, usioumiza macho. Alikitia mfukoni, akatoka anatabasamu. Kutabasamu, siku kama ile!

Tangu hapo nyumba haikupumua. Kitochi kilikaa mfuko wa shati, na kila mara kilitoka. Saa saba mchana, madirisha wazi, jua limejaa sebuleni mpaka kwenye kona, yeye anawasha tochi kutafuta kijiko kilichoanguka. Na kila siku kijiko kilichoanguka ni chake, na kila siku kinaangukia karibu na miguu ya mama mkwe. Basi atashuka sakafuni kwa magoti na viwiko, ataishika tochi kinyume ajimulike jicho, atapiga ukelele, atajigonga kichwa kwenye meza.

Hapo mama mkwe alisahau maumivu. Alikuwa na kicheko kikubwa, cha kutupa kichwa nyuma, na kwa mtu huyu hakukibania.

"Jamani, njooni mumwone Bwana Tochi! Jua lote hili halimtoshi! Na binti nikampa mwenyewe, kwa mikono yangu!"

Badala ya kuona haya, Bwana Tochi alibaki pale chini ameduwaa, tochi ikiyumba mkononi mpaka mwanga ukampiga mama mkwe usoni. Usoni! Mkwe gani, mwenye wazazi waliomlea, anamulika uso wa mama mkwe wake?

"Samahani, mama," alisema. "Mkono umeteleza."

"Wewe umeteleza tangu ulipozaliwa, baba."

Mkewe aliinama tu, akakusanya sahani. Mume ndiye huyo, na alikuwa amemchagua mwenyewe kabla mama hajakubali. Na kama vile hayo hayatoshi, chakula kikiisha bwana alijifungia stoo na makopo yake, akakoroga rangi mpaka saa ya kurudi kazini. Mama anakonda, yeye anakoroga.

Wiki ya pili uji nao ukamshinda mama mkwe. Alikaa mezani kwa heshima tu, kikombe cha maji mbele yake. Kijiko kilipoanguka alicheka mara moja, kwa mazoea, kisha akashika shavu na machozi yakamtoka.

Mchanganya rangi aliinuka. Safari hii hakujigonga popote. Aliingia stoo kwa dakika chache, kisha akashika njia ya kutoka.

"Hata leo?" mkewe alimfuata mpaka mlangoni. "Hata leo huwezi kukaa na mama yangu?"

"Narudi," alisema, na akaondoka mbio, sahani ameiacha imejaa.

Daktari alimkuta amesimama mlangoni pa chumba chake, anahema. Bila salamu, mkwe alitoa vipande viwili vya kadibodi, kila kimoja ukubwa wa kiganja, kimoja na tarehe ya Jumatatu iliyopita, kingine na ya siku ile. Katikati ya kila kimoja palipakwa doa jeupe linaloelekea kijivu, limezungukwa na wekundu. Katika kile cha pili doa lilikuwa limekua kutoka punje ya mchele hadi punje ya mahindi, na wekundu wake umeiva zaidi. Rangi ya hicho ilikuwa mbichi bado. Chini ya doa, kwa kalamu: "Kushoto, ubavuni mwa ulimi, nyuma kabisa."

Daktari alivitazama kwa zamu. Kisha alinyanyua simu, akaomba kitanda kwa kesho asubuhi na daktari bingwa awepo.

"Jioni nitakuja kwenu mwenyewe, nimweleze mama ana kwa ana," alisema. Akavitazama tena vile vipande. "Lakini mimi nimemsihi mara tatu, hata meno ya mbele sikuyaona. Wewe amekufungulia vipi?"

"Huwa ananicheka, daktari," alisema mkwe. "Kila siku, saa saba."