Kibandiko cha Bibi Nyokabi

Kijiko kiligonga ndani ya kikombe, taratibu, mtu akikoroga chai, na Annah akausimamisha mkono wake kabla haujagusa mlango. Nje bado kulikuwa giza. Kwa jinsi simu yake ilivyoonyesha, mwenye nyumba hii hakuwa mtu wa kukoroga chochote. Kwenye simu hiyo moyo wa bibi ulikuwa unaruka, unasita, unaruka tena, kama mbuzi anayeburutwa kwenda sokoni.

"Nilikuambia, muganga," alisema Viateur, mlinzi wa usiku, nyuma yake. "Mukecuru, huyu bibi, iko sawa. Iko anapika chai."

Alikuwa amembebea mkoba wa dawa kutoka getini, kama kila alipokuja. Annah alimkataza mara nyingi, hasikii. Mtu mzima yule hakuweza kumwona muuguzi amechoka akamwacha apande na mzigo. Aliuweka chini, akaegemea ukuta, kisha akaketi kwenye ngazi. Mteremko wa kilima cha Rebero haumhurumii mtu. Annah naye alitamani kuketi hapo hapo. Alikuwa kazini tangu jana, na miguu ilikuwa imemvimba ndani ya viatu.

Akabisha, akaingia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na giza tena? Keti kwanza. Macho yamekuwa mekundu, watu watasema nimekuuzia pombe."

Annah akacheka bila kupanga kucheka.

Bibi Nyokabi alikuja Kigali kutoka Kenya kuuza vitenge, akazeekea hapa. Mwanawe, Njoroge, anayeishi mtaa wa Nyarutarama, ndiye aliyemletea kibandiko cha kupima moyo. Kilikuwa kama kipande cha ngozi laini cha kubandika kifuani, na ndani yake chipu ndogo kama punje ya mtama. Hakikuwa na betri. Kilikula joto la mwili, kikausikiliza moyo na mwendo wa mwili, kikapeleka habari hizo kwenye simu za wauguzi. Kikibanduliwa, kinanyamaza.

Mchana kilituma moyo mtulivu kama wa msichana. Usiku kilituma haya.

Annah akamshika bibi kifundo cha mkono. Mapigo yalikuwa sawasawa. Akajaribu mkono wa pili. Sawasawa.

"Bibi, unatembea usiku? Hapa naona unatembea, unasimama, unatembea tena."

"Mimi? Mimi nikilala, hata nyumba ikibebwa sina habari."

"Basi hii ndiyo inanitisha. Hujui hata kama unaamka." Annah akaiweka simu mezani. "Njoroge amenipigia. Nikithibitisha kwamba hali ni mbaya, leo hii anakuhamishia kwake. Hii nyumba anaifunga."

Bibi Nyokabi akamsogezea chai.

"Kule kwake ghorofani hata jirani wa kuniomba chumvi sina," alisema. "Lakini watu wa siku hizi hawana subira na mgonjwa. Mlinzi tuliyekuwa naye zamani alikohoa wiki moja tu, kampuni ya ulinzi ikaleta mwingine. Hawakumuuliza hata kama amekunywa dawa."

"Mimi nakuuliza, bibi. Ndiyo maana nimekuja."

"Najua. Una moyo mzuri." Akamtazama usoni. "Sasa niambie bila kunipaka mafuta. Ugonjwa wa namna hiyo unatibika?"

"Unatibika ukiwahiwa."

"Na usipowahiwa?"

Annah alikuwa amechoka mno kutafuta maneno laini. "Siku moja moyo unasimama."

"Hatujachelewa?"

"Bado."

"Basi ita gari la wagonjwa."

"Bibi, ukishaingia kwenye gari lile, Njoroge hatakurudisha hapa. Unanielewa?"

"Nyumba ni matofali tu, mwanangu. Ita gari."

Annah akapiga simu. Alishawaona wazee wengi wakitolewa makwao, wengine wakilia, wengine wakikamata miguu ya kitanda. Hakuwahi kumwona anayejitoa mwenyewe na kikombe mkononi. Akamfunika mabega kwa kitenge, akamvisha soksi, maana sakafu ilikuwa baridi. Bibi akamwacha amvishe, akimpapasa kichwa kama mtoto.

"Nifungulie vifungo sasa," Annah alisema. "Nikikague kibandiko kabla hawajafika."

Bibi Nyokabi akasita. Kisha akafungua blauzi, kifungo kimoja kimoja, akitazama pembeni.

Kifua kilikuwa kitupu. Palikuwa na alama ya gundi tu, imekauka.

Annah akainyakua simu mezani. Ule moyo ulikuwa bado unaruka, unasita, unaruka.

"Bibi, kiko wapi?"

Bibi alivuta blanketi kitandani, akaliweka begani, akafungua mlango. Kulikuwa kumeanza kupambazuka, na chini ya kilima taa za gari zilikuwa zinapanda bila king'ora. Viateur alikuwa bado ameketi kwenye ngazi, jasho likimtiririka katika baridi ile, mkono mmoja ameuingiza ndani ya koti la kazi, ameshika kifua. Alijaribu kusimama ili aende kufungua geti, akashindwa. Bibi akamfunika lile blanketi mpaka shingoni, akaketi karibu naye.

Viateur akainua macho, akamtazama Annah kwa aibu.

"Murakoze, asante, muganga," alisema. "Siku zote unakuja kuniangalia mimi, na wewe haulali. Kule hospitali, utakuja tena?"