Waya Uliosokotwa Kimashoto

Ndege aliyoiunda Masika uani kwake ilikuwa tayari kuruka, na nusu ya mji ilikuja kuona itaangukia wapi. Akafungua kisanduku cha fyuzi kukagua mara ya mwisho. Badala ya fyuzi ya feni ya kupozea injini alikuta kipande cha waya, kimesokotwa kimashoto, kama alivyofanya marehemu mumewe siku ndege yake ilipowaka moto angani.

"Kombo, umefunga wewe huu waya?"

"Mimi, shemeji? Tangu asubuhi nimeshika soda tu!"

Masika akaukata kwa koleo.

"Baba Tumu," alimnong'oneza marehemu mumewe, "haraka yako ilikutosha wewe. Mimi niache."

Akapachika fyuzi mpya. Feni ikaanza kuzunguka polepole, na ufunguo wa kuwashia injini ulikuwa bado mfukoni mwake.