Damu ya Mzee

"Siyo hiyo," mteja alisema, akausukuma mkono wa msusi. Ilikuwa mara ya nne.

Msusi akashusha pumzi. Ubao wa rangi za msimu mpya ulikuwa na vishungi ishirini na viwili vya nywele za mfano, na kila aliyeketi kwenye kiti kile wiki hiyo alichagua asali. Asali inang'arisha uso, inaficha mvi, haina makuu. Huyu, ambaye nywele zake hazijaonja rangi tangu azaliwe, alikuja na picha iliyokunjika pembe. Alitaka kama za huyo dada wa pichani, basi.

Msusi akaisogeza picha dirishani. "Hii ni damu ya mzee, shoga yangu. Ilipita zamani. Ukitoka nayo watu watadhani ulikuwa umelala miaka yote hiyo."

"Waache wadhani. Unayo?"

Chupa moja ilikuwepo, nyuma kabisa ya kabati. Msusi akavaa glavu, akaanza na dawa ya kutoa weusi, akaonya kwamba itawasha. Ikawasha kwelikweli. Mteja akafumba macho, akang'ang'ania mikono ya kiti.

"Na huyo unayejichoma kichwa kwa ajili yake," msusi akauliza, "anastahili?"

"Tunakaa nyumba moja. Nampikia, namfulia. Ananitazama kama mpangaji. Halafu kutwa anamuulizia mwingine."

"Mbele yako?"

"Mbele yangu, kijiko nimeshika mimi."

Msusi akasonya kwa niaba ya wanawake wote. "Ningekuwa wewe ningemwachia nyumba, nione atapikiwa na nani."

"Huyu haachiki," mteja akasema.

Saa mbili baadaye kioo kilimwonyesha sura ya mtu ambaye yeye alimwonea wivu tangu utotoni. Akakitazama bila kutabasamu, akashukuru, akaenda zake.

Nyumbani, jirani aliyekuwa akimshikia zamu alimkodolea macho, akasema tu, "Mama ameamka," akatoka.

Mama alikuwa ameketi kitandani, blanketi hadi kiunoni. Tangu aanze kusahau, mwaka wa pili sasa, swali lake lilikuwa moja: "Mwanangu yuko wapi?" Aliuliza akilishwa uji, aliuliza akiogeshwa, na aliyemuogesha alikuwa mwanawe, kitindamimba wake, aliyeacha cherehani yake karakanani ili amtunze. Mwanzoni alijibu, "Mimi hapa, mama." Mama alimtazama, akauliza tena.

Ndipo alipoelewa. Mtu hatafuti kitu alichokishika mkononi. Anayetafutwa ni aliyepotea, yaani kifunguamimba, yule mrembo wa pichani, aliyeondoka na nywele zake za damu ya mzee bila kuleta hata salamu. Jambo hilo lilimuuma kuliko kazi yote ya kubeba, kufua na kukesha. Mchumia juani, watu husema, hulia kivulini. Yeye alichuma juani, na kivuli akawekewa mwenzake.

Basi, kama mapenzi ya mama yalikuwa ya dada yake, angeyapokea akiwa dada yake. Walau dakika tano. Walau kwa wizi.

Akapiga magoti kando ya kitanda. "Mama, nimerudi."

Mama akainua uso. Macho yake yakatua kwenye zile nywele, yakatulia. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi yalikuwa macho ya mtu anayemjua anayemtazama. Akanyoosha mkono polepole, akazigusa, na binti akamsogezea kichwa kwa furaha.

"Wewe," mama akasema. Sauti ilikuwa ile yake ya zamani, iliyonyooka. "Leo ndiyo umekumbuka kwamba una mama?"

Akauondoa mkono, akaufuta kwenye blanketi.

"Toka ndani mwangu. Na huko nje ukimwona mdogo wako, mwambie arudi. Kila siku namuulizia, na watu wa nyumba hii hawanijibu."