Maganda ya Don Evaristo

Zulma alimkuta baba yake amepiga magoti katikati ya mahindi, anachambua udongo kwa vidole kama mtu aliyepoteza pete.

"Manne," alisema mzee bila kuinua kichwa. "Bado moja."

"Baba, jua limekuwa kali. Twende ndani."

"Bado moja, nimekwambia!"

Asubuhi ile Obdulio, mume wa Zulma, alikuwa amefyatulia risasi kundi la nguruwe mwitu waliokuwa wakimaliza shamba lao kule mkoani Corrientes. Don Evaristo aliposikia milio hakujificha, wala hakupiga kelele. Alitoka pekupeku, akaenda kuokota maganda ya risasi.

Alipolipata la tano alirudi jikoni, akayapanga mezani kando ya kibuyu cha chai ya majani ya mate, akayagusa moja moja.

"Vallejos. Pedrozo. Fleitas. Insaurralde. Maciel."

Siku zote yalikuwa majina hayo, kwa mpangilio huohuo. Maganda yakizidi matano, yaliyozidi aliyatupa. Yakipungua, siku hiyo hakula.

Hapo kijijini hakuna aliyehitaji kuelezwa. Don Evaristo alirudi kutoka jeshini mwaka ule wa vita vya kugombea visiwa vya Malvinas, amekonda, hasemi na mtu. Marehemu mkewe hakuwahi kumuuliza kitu. Kila mwezi wa Aprili, wapiganaji wa visiwani walipokumbukwa, walimwita uwanjani naye hakwenda. Mwaka mmoja meya alimletea cheti cha heshima nyumbani kwake, akafungiwa mlango usoni.

"Mashujaa wa kweli ndivyo walivyo," watu walisema. "Hawapendi sifa."

Zulma aliamua kumpumzisha baba yake. Alikata turubai la zamani, akashona mfuko wenye waya mdomoni, wa kufunga ubavuni mwa bunduki ili maganda yadondokee humo badala ya kuruka shambani. Obdulio naye alikwenda kwa fundi mmoja wa vyuma, akarudi na kizuia sauti amekifunga kwenye gazeti.

"Kaniambia polisi wasikione," alisema. "Haya, nguruwe sasa watakufa kistaarabu, hata jirani asishtuke."

"Acha utani wako. Baba akilala usiku mmoja tu, nitakupikia unachotaka."

Ilifanikiwa. Bunduki ilikohoa tu, mara moja, mara mbili, na nyumbani hakuna aliyegeuza shingo. Mzee alilala wiki nzima. Alikula mikate ya jibini, akaomba na mingine. Hata kunyoa alinyoa.

Halafu asubuhi moja aliukuta ule mfuko umening'inia mlangoni. Aliushika, akaingiza mkono ndani, akaugeuza huku na huku.

"Nani amekufundisha kushona kitu hiki?"

"Nimebuni mwenyewe, baba."

"Mdomo wake mpana mno. Mengine yataruka nje." Alisikiliza kidogo, kichwa kakiinamisha upande. "Na lori? Mbona hamkuliwasha lori lifunike milio?"

"Lori gani, baba? Sisi tuna lori?"

Mzee aliutundika tena mfuko mlangoni, akatoka nje. Tangu siku hiyo usingizi ulimkimbia tena, na mara hii ilikuwa vibaya zaidi. Alikaa ukingoni mwa shamba tangu kunapopambazuka, viganja vimeziba masikio, ingawa hapakuwa na sauti yoyote ila ya upepo kwenye mahindi. Zulma alimpelekea poncho, akamfunika mabega. Mzee akamkamata mkono.

"Niliyaokota yote, Zulma. Walinituma nikayaokota yote. Sikuacha hata moja."

"Najua, baba. Ulifanya vizuri."

Don Evaristo alimtazama kana kwamba amepigwa kofi. Akaanza kulia, kilio cha mtu asiyejua kulia, mdomo wazi na sauti haitoki.

Usiku kucha Zulma alilifikiria jambo hilo. Labda mzee alihitaji kuyaona majina ya wenzake yamechongwa mahali, yamepewa heshima yake, ndipo roho yake itulie. Aliyaandika matano yote kwenye karatasi, akapanda basi la kwenda mjini.

Kwenye jiwe la waliokufa Malvinas alisoma kutoka juu hadi chini. Akasoma tena kwa kidole. Hata moja halikuwapo.

Akavuka barabara hadi ofisi ya kumbukumbu. Karani alikuwa mwanamke mwenye mvi chache, miwani imening'inia shingoni kwa uzi.

"Wamewasahau hawa, dada," Zulma alisema, akimsukumia karatasi. "Baba yangu alikuwa nao vitani. Miaka yote anawaita kwa majina."

Karani alivaa miwani. Alisoma, midomo ikicheza, lakini Zulma aliona kwamba midomo ilimaliza kabla ya macho, kama ya mtu anayesali sala aliyoijua tangu utotoni. Aliivua miwani, akaiweka mezani polepole.

"Anawaita hivihivi? Kwa kufuatana hivi?"

"Siku zote. Hajawahi kukosea."

Karani alikwenda kufunga mlango wa ofisi. Aliporudi hakukaa, alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Hawa hawakufika Malvinas. Walikuwa wakulima wanne wa tumbaku na mwalimu wao. Wanajeshi waliwapakia kwenye lori miaka mitano kabla ya vita, wasionekane tena, na hivi ndivyo walivyoitwa majina wakati wa kupanda; nilikuwa dirishani. Huyu Fleitas ni mama yangu. Tafadhali, dada, niambie: baba yako bado yuko hai?"