Kunguru na Bomba la Bi Buku

Palikuwa na mtaa mmoja mjini ambao habari zake zote zilipelekwa na Kunguru. Siku moja mvua kubwa ikanyesha, maji yakafurika. Kunguru akaruka kuwaonya wa bondeni, lakini mabawa yakalowa chapachapa, akaanguka kibarazani kwa panya mzee, Bi Buku.

“Watakufa maji, nami siwezi kuruka!” akalia.

“Nyamaza, mwanangu. Bomba hili la maji hapa ukutani linafika kila nyumba hadi bondeni.” Bi Buku akaligonga kwa meno, ishara ya hatari ya panya. Panya wa bondeni wakasikia, wakawahimiza majirani, hata Paka, wote wakapanda juu salama.

Kunguru akainama. “Nilikuwa nikikucheka huna mabawa.”

“Najua,” akasema Bi Buku, akimpangusa manyoya. “Lete huo mdomo nikufundishe kugonga.”