Jukwaa la Kushoto

Ovide Pitre alikuwa na pole zake tayari kabla helikopta haijatua.

"Jikaze, Nolan," alisema, akimpigapiga mwenzake begani. "Vyuma tu hivyo. Hakuna mtu aliyekufa."

Nolan Dardar alikuwa amebandika uso kwenye kioo. Njia nzima kutoka Louisiana walikuwa ndani ya mawingu. Upepo ulikuwa umegeuka baada ya kimbunga, ukivuma kutoka bara, na rubani alipitiliza hadi mbali baharini, akageuza ili atue akiukabili. Hapo ndipo mawingu yalipofunguka, wakayaona majukwaa mawili ya mafuta, mapacha wa mchoro mmoja, katika maji yenye rangi ya chai ya maziwa.

La kulia lilikuwa zima. La kushoto lilikuwa limenyofolewa sakafu yote ya chini, kama mtu aliyeng'olewa taya.

La kushoto lilikuwa la Nolan. Kwa miaka yote waliyosafiri pamoja kwenda zamu, wakitokea bara, la Nolan lilikuwa kushoto na la Ovide kulia.

"Nitue lipi?" rubani aliuliza. "Vibao vya majina vimeng'oka."

"Lililoumia," alisema Coralie Naquin.

Coralie alikuwa injinia wa ukaguzi. Kampuni ilikwisha kutangaza kwamba msimu huu itabaki na msimamizi mmoja tu kati ya hawa wawili, na ripoti yake ndiyo ingeamua nani abaki, nani akavue kamba wa baharini. Ovide aliona huruma, lakini huruma ya mtu aliyeshiba.

"Nilimwambia, dada," alisema walipokuwa wakishuka. "Siku ya kuondoka, vijana wangu walifunga plaiwudi sakafu ya chini, pande zote nne, na juu ya matundu ya sakafu pia. Hata mbu asingepita. Kwetu kwenye bayou, kule vinamasini, ndivyo tunavyofanya: kimbunga kikitajwa, unaziba nyumba. Huyu bwana alifanya nini? Aliacha kila kitu wazi, akakimbilia kwa shemeji yake kula mchuzi wa gambo!"

"Gambo yenyewe ilikuwa nzuri," alisema Nolan kwa sauti ya chini.

Coralie alikwisha kulala kifudifudi ukingoni, akichungulia chini. Mwani ulining'inia kwenye nguzo, juu ya mahali ilipokuwa sakafu. Alipima kwa utepe, akapiga picha, kisha akachukua darubini na kuliangalia jukwaa la pili kwa muda mrefu.

"Si upepo," alisema. "Upepo ungeanzia juu, na winchi imesimama. Ni wimbi. Lilifika sakafu ya chini."

"Na kwangu je?" aliuliza Ovide.

"Kule pia lilifika. Mwani uko kimo kilekile."

"Ahaa! Wimbi moja, kimo kimoja. Moja limesimama, moja limekwenda. Sasa niambie plaiwudi haina kazi."

Coralie alikaa, akafuta matope kwenye viganja. "Sakafu hizi zina matundu kwa makusudi. Wimbi linaingia, linapita, linatokea upande wa pili. Hapa halikupata pa kupita. Lilisukuma."

Ovide aliangua kicheko. "Nolan! Ulijenga ukuta huku bila kutuambia?"

"Mimi? Hata banda la kuku sijawahi kujenga."

"Kweli, mvivu hawezi kujenga. Dada, utafute sababu nyingine. Mimi nimeziba, na lile pale limesimama. Huo si ushahidi?"

"Ni ushahidi," alisema Coralie, "wa kitu fulani." Aliinamia tena chini, akawa anachunguza safu ya bolti zilizopinda.

Nolan alizunguka sakafu ya juu, mikono mfukoni. Aligusa ngazi, akagusa bomba, akatikisa kichwa. "Miaka tisa hapa, na leo sipatambui."

"Nani atamtambua maiti aliyepigwa hivyo?" Ovide alimshika mkono, safari hii kwa upole wa kweli. "Sikiliza, mzee mwenzangu. Nikibaki mimi, nitawaomba wakuchukue kwenye timu yangu. Hutalala njaa. Sasa fungua stoo yako tunywe kahawa kabla dada hajaandika cheti cha kifo."

Stoo ya jikoni ilikuwa imepona, mlango wake wa chuma ukiwa na kufuli kubwa. Nolan alitoa ufunguo wake, akauingiza, akauzungusha. Haukuzunguka. Alijaribu tena, akautemea mate, akajaribu mara ya tatu.

"Chumvi," alisema.

"Chumvi gani? Hata kufuli hukulitia mafuta, na umekaa juu ya kisima cha mafuta!" Ovide alicheka mpaka akakohoa. "Sogea. Nikuoneshe jinsi mwanamume anavyofungua."

Kwa mzaha, alivua shingoni ufunguo wa stoo yake mwenyewe, akauingiza.

Kufuli likafunguka.